Je, kuna aliyelipua nyuklia kwenye bahari yetu?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto wanne, kazi yangu ni pweza, huku Msimbati, Mtwara. Maji yakitoka wakati wa bamvua tunaingia mwambani na nondo zetu, tukirudi tunawauzia wanunuzi palepale pwani. Miaka hii pweza wamepungua, samaki ndiyo usiseme. Tena kuna siku uko ndani ya maji unasikia kishindo, unahisi mwamba unatikisika chini ya miguu. Shemeji yangu, ambaye zamani alikuwa baharia, anasema Wazungu walijaribia mabomu ya nyuklia kwenye hii Bahari ya Hindi na bado wanajaribu kwa siri, na hata gesi yetu waliipasulia kwa nyuklia. Mwanangu yuko kidato cha tatu, anamkatalia. Anasema majaribio yalipigwa marufuku 1963, yakaisha. Wanabishana mpaka chakula kinapoa. Mimi linaloniuma ni jingine: mdogo wangu ameota uvimbe shingoni, huu mwaka wa pili, na shemeji anasema ni mionzi hiyohiyo. Nani mkweli? Samaki tuendelee kula? Na mtu akilipua leo, nani atajua?"*

Marahaba, dada yangu. La mdogo wako nitalieleza mwishoni kwa sababu linahitaji maelezo, lakini kwenda hospitali kusisubiri maelezo yangu. Kama hajaonwa na daktari kwa muda wote huo, basi safari ya hospitali ianze kupangwa leo, na mengine haya mtayasoma njiani.

Sasa huo ubishi wa mezani. Kila mmoja kashika kipande cha ukweli, na kila mmoja kakiongezea chumvi.

Tuanze na shemeji, maana watu wengi wangemcheka, na wangekosea. Ni kweli kabisa kwamba bomu la nyuklia lililipuliwa ndani ya Bahari ya Hindi. Tarehe 3 Oktoba 1952 Waingereza walifanya jaribio lao la kwanza kwenye visiwa vya Monte Bello, pwani ya magharibi ya Australia. Bomu waliliweka tumboni mwa meli yao ya kivita, HMS Plym, ikiwa imetia nanga kwenye maji ya kina kifupi, kwa sababu walitaka kujua ingekuwaje adui akiliingiza bomu bandarini kwa kulificha ndani ya meli. Mlipuko ulikuwa wa kilotoni 25, yaani nguvu ya tani 25,000 za baruti ya TNT. Meli ikawa mvuke. Mwaka 1956 wakarudi hapohapo wakalipua mabomu mengine mawili. Kutoka Msimbati hadi huko ni kama kilomita 8,000, bahari tupu katikati.

Halafu kuna kisa cha pili, ambacho nadhani ndicho alichokisikia huko baharini, kwa kuwa mabaharia wanakipenda. Usiku wa 22 Septemba 1979, setilaiti ya Marekani iitwayo Vela, iliyorushwa mahsusi kuvizia majaribio ya nyuklia, iliona mwanga wa kumemetuka mara mbili upande wa kusini kabisa wa Bahari ya Hindi, karibu na visiwa vya Prince Edward. Mwanga wa mara mbili namna hiyo ni alama ya bomu la nyuklia lililolipuka hewani. Moto wa kwanza hung'aa, wimbi la hewa iliyoshindiliwa likaufunika kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha moto ukachomoza tena. Jopo lililoundwa na serikali ya Marekani lilisema huenda haikuwa nyuklia, pengine kimondo kidogo kiliigonga setilaiti. Wanasayansi wengi hawakuridhika wakati ule, na hata leo wapo wengi wanaoamini lilikuwa jaribio la siri la Israel, huenda kwa msaada wa makaburu wa Afrika Kusini. Hakuna nchi iliyokiri. Ukichukua ramani, Prince Edward iko karibu kwenye mstari mmoja nasi, teremka tu kusini kama kilomita 4,000. Kwa hiyo shemeji hakuota. Tatizo ni pale anaporuka kutoka 1979 kuja kwenye kishindo cha wiki iliyopita.

Kijana naye amesoma vizuri, ila ameishia katikati ya ukurasa. Mkataba wa 1963 upo. Ulisainiwa Moscow tarehe 5 Agosti na Marekani, Urusi ya wakati ule na Uingereza, ukaanza kazi 10 Oktoba mwaka huohuo. Ulikataza kulipua hewani, chini ya maji na anga za juu. Chini ya ardhi haukugusa. Kwa hiyo wakubwa wakachimba mashimo marefu wakaendelea, na Ufaransa na China, ambazo hazikusaini, ziliendelea hata hewani: Ufaransa mpaka 1974, China mpaka Oktoba 1980. Tangu jaribio la kwanza, jangwani New Mexico tarehe 16 Julai 1945, dunia imelipua zaidi ya mara 2,000, na sehemu kubwa ya hizo ni baada ya huo mwaka anaosema yeye kwamba yaliisha. Aandike hivyo kwenye mtihani, mwalimu atafurahi.

Lakini kwa nini walikubaliana hata hicho kidogo? Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu waliosababisha dunia ishtuke walikuwa wavuvi kama ninyi.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni kwenye kisiwa cha matumbawe cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Walipiga hesabu ya megatoni sita hivi (megatoni moja ni kilotoni elfu), likatoka 15, nguvu ya mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Lililipuliwa juu ya mwamba wa matumbawe, mwamba kama huo mnaoutembea mkisaka pweza. Ule mwamba ulisagika ukawa unga, unga ukapanda angani ukichanganyika na sumu ya bomu, kisha upepo ukaubeba. Chombo cha wavuvi wa jodari kutoka Japani, chenye watu 23, kilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Waliona upande wa magharibi kumekucha, jua likiwa halijatoka. Baada ya saa chache majivu meupe yakaanza kuwanyeshea, yakajaa sitahani, kwenye nywele, kwenye kola za mashati. Waliyashika kwa mikono mitupu, mmoja akayalamba ajue ni nini. Wakaendelea kukusanya nyavu. Walipofika nyumbani ngozi zilikuwa zimebabuka na nywele zinanyonyoka. Fundi wao wa redio, Aikichi Kuboyama, alifariki Septemba mwaka ule. Jodari waliokutwa na mionzi wakatupwa, na Japani nzima ikaogopa samaki.

Kwenye kisiwa cha Rongelap, jirani na Bikini, majivu hayohayo yaliwaangukia wanakijiji, watoto wakayachezea. Waliondolewa siku mbili baadaye. Miaka ilipopita, watoto wale wengi waliota uvimbe kwenye tezi ya shingo. Liweke hilo akilini, tutalirudia kwa mdogo wako.

Baada ya hapo kelele hazikunyamaza. Nehru, waziri mkuu wa India, alidai majaribio yasimame, mwezi mmoja tu baada ya Bikini. Mkemia Linus Pauling alikusanya saini za maelfu ya wanasayansi. Mjini St. Louis, Marekani, kina mama walikusanya meno ya utotoni ya watoto wao, yakapimwa, yakakutwa na strontiamu-90, kitu chenye mionzi ambacho mwili hukidhania ni chokaa ya kujengea mifupa na kilikuwa kinaingia kwa maziwa. Jino la mtoto lililong'oka lina nguvu kuliko hotuba, kwa maoni yangu. Na bado 1962, mwaka mmoja tu kabla ya mkataba, ndio mwaka uliovunja rekodi: milipuko 178. Walikuwa kama watu wanaowahi duka kabla halijafungwa.

Nasi Afrika tusijione tulikuwa watazamaji. Tarehe 13 Februari 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza Reggane, jangwa la Sahara, nchini Algeria, kilotoni 70. Ghana ya Nkrumah ilizuia mali za Wafaransa. Nigeria, ikiwa na miezi michache tu ya uhuru, ilimfukuza balozi wa Ufaransa baada ya bomu la tatu. Wafaransa wakahamia ndani ya mlima, In Ekker, wakidhani mwamba utaficha kila kitu. Tarehe 1 Mei 1962 mlima ulipasuka wakati mawaziri wawili wa Ufaransa wamesimama wanatazama. Mawe yaliyoyeyuka yakatiririka nje na wingu jeusi likawafuata watu wakikimbia. Jumla walilipua mara 17 nchini Algeria, na mengi kati ya hayo ni baada ya nchi ile kupata uhuru. Mpaka leo wenyeji wa huko wanadai eneo lisafishwe.

Mkataba wa kukataza majaribio yote, ardhini, majini na hewani, ulikuja Septemba 1996. Tanzania iliusaini na kuuridhia 2004. Bara letu lina mkataba wake pia, wa Pelindaba, uliofunguliwa Cairo 1996 na kuanza kazi 2009, unaosema Afrika hapatengenezwi, hapawekwi wala hapajaribiwi bomu la nyuklia. Pelindaba ni jina la kituo cha nyuklia cha Afrika Kusini, nchi ambayo ilikuwa na mabomu sita tayari ikayafumua yenyewe. Sijui nchi nyingine iliyofanya hivyo kwa mabomu iliyoyaunda yenyewe, na nashangaa shuleni hatulisemi zaidi.

Ila huu mkataba mkubwa wa 1996 una mkia uliokwama mlangoni. Hauwi sheria kamili mpaka nchi 44 zilizotajwa kwa majina ziuridhie zote. Marekani, China, Israel, Iran na Misri zimesaini hazijaridhia. India, Pakistan na Korea Kaskazini hazikusaini hata hiyo saini. Urusi ilikuwa imeridhia, ikaondoa ridhaa yake Novemba 2023. Kwa hiyo kijana akisema "yamepigwa marufuku", aongeze kwamba marufuku ipo kwenye karatasi na kwenye aibu, bado haijakamilika kisheria. Aibu hiyo imefanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Baada ya India na Pakistan kulipua Mei 1998, mlipuaji pekee anayejulikana karne hii ni Korea Kaskazini, mara sita, ya mwisho 3 Septemba 2017.

Unauliza: mtu akilipua leo, nani atajua? Hapa nitakupa jibu la furaha kidogo. Kuna mtandao wa vituo zaidi ya 300 duniani kote, unaoendeshwa na shirika la mkataba huo lenye makao Vienna, Austria. Vingine vinasikiliza mitetemo ya ardhi, vingine mawimbi ya hewa yaliyo mazito kuliko sikio la mtu linavyoweza kusikia, vingine vinasikiliza bahari, vingine vinanusa hewa. Kimojawapo cha kunusa hewa kiko Dar es Salaam. Mashine inavuta hewa nyingi kupitia kichujio kwa saa 24, kichujio kinaachwa kitulie siku nyingine ili mionzi ya asili ipungue, kisha kinapimwa kuona kama kuna chembe ambazo hazitokani na kitu kingine ila bomu au kinu cha nyuklia. Upepo wa kusi ukipanda na pwani yetu, mashine ile inaonja hewa iliyopita kwenu.

Kwa upande wa bahari, maji yana tabia moja ambayo mzamiaji yeyote anaijua: sauti ndani yake huenda mbali. Kwenye kina kirefu kuna tabaka ambalo sauti ikiingia hunaswa humo, haipandi juu wala haishuki chini, inasafiri bahari hadi bahari. Novemba 2017 nyambizi ya Argentina, San Juan, ilizama ikiwa na watu 44. Sauti ya kupasuka kwake ilinaswa na haidrofoni, yaani vinasa sauti vya majini, za mtandao huu karibu na kisiwa cha Ascension, na nyingine kwenye visiwa vya Crozet, huku kusini mwa Bahari ya Hindi, maelfu ya kilomita kutoka pale ilipopasukia. Mwaka uliofuata ikapatikana. Kama nyambizi moja ilisikika hivyo, bomu la nyuklia majini haliwezi kufichwa. Haidrofoni za kisiwa cha Diego Garcia, katikati ya Bahari ya Hindi, zimewahi hata kuwatambulisha wanasayansi na kundi la nyangumi wa buluu ambalo halikuwa likijulikana, kwa wimbo wao tu.

Na chini ya ardhi je? Tetemeko la kawaida ni vipande viwili vya mwamba vinavyosuguana na kupishana: huku panavutwa, kule panasukumwa, na mawimbi ya kutikisa ubavu kwa ubavu yanakuwa makubwa. Bomu linasukuma nje pande zote kwa mara moja, kwa hiyo kila kituo duniani kinaona msukumo wa kwanza ukija, hakuna kinachoona mvuto, na yale mawimbi ya ubavuni ni dhaifu. Korea Kaskazini ilipolipua mara ya kwanza, Oktoba 2006, bomu lilikuwa dogo, halikufika hata kilotoni moja. Vituo zaidi ya ishirini viliusikia mtetemo, na wiki mbili baadaye gesi ya zenoni yenye mionzi iliyovuja ikanaswa Yellowknife, kaskazini mwa Canada.

Sasa kishindo chenu. Dada yangu, nadhani unakijua kuliko mimi, na pengine hukukitaja kwa sababu mwenye nacho ni jirani. Kishindo kimoja kikavu, mwamba ukatikisika, na baada ya muda samaki waliopasuka matumbo wanaelea: hiyo ni baruti. Kusini yetu, kuanzia Kilwa mpaka mpakani Ruvuma, imeteswa na uvuvi wa mabomu kwa miongo mingi. Ukisikia mipigo inayojirudia kwa vipindi sawasawa, kila baada ya sekunde kadhaa, saa nzima, na kuna meli kubwa inatembea polepole upeo wa macho, hiyo ni meli ya utafiti wa gesi. Inatumia mitutu ya hewa iliyoshindiliwa, hakuna mionzi yoyote humo, ingawa wavuvi wana haki ya kuuliza juu ya madhara yake kwa samaki. Na mtikisiko ambao hata ukiwa nchi kavu unauhisi pia, vyombo vikigongana kabatini, ni tetemeko. Chini ya bahari mbele ya Mtwara na Msumbiji upo mgongo wa Davie, ambao hutetema mara kwa mara.

Gesi ya Mnazi Bay, hapo kwenu, haikupasuliwa kwa nyuklia. Iligunduliwa 1982 kwa kuchimba visima vya kawaida, keekee na tope la kuchimbia. Ila hata hapo shemeji kasikia kengele, hajui tu imepigwa wapi. Desemba 1967 Marekani ililipua bomu la kilotoni 29 zaidi ya mita 1,200 chini ya ardhi huko New Mexico, nia ikiwa kupasua mwamba ili gesi itoke kwa wingi. Gesi ilitoka. Ilikuwa na tritiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, na hakuna aliyetaka kupikia. Walirudia mara mbili Colorado, 1969 na 1973, wakaacha. Warusi nao 1966 walizima kwa nyuklia moto wa kisima cha gesi uliokuwa umewashinda, huko Uzbekistan. Mambo haya yametokea. Msimbati hayajatokea.

Kuhusu samaki, kuleni. Vumbi la majaribio lilizunguka dunia nzima, na masalia yake bado yapo kila mahali, hata kwenye mwili wangu mimi ninayekuandikia. Lakini kipimo ndicho kinachoamua. Mwaka 1963, vumbi lilipokuwa limefika kileleni, mtu wa kawaida duniani alipata mionzi ya wastani wa milisivati 0.11 kwa mwaka (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kutokana na majaribio. Leo imeshuka hadi takriban 0.005. Mionzi ya asili, ya mawe, ya jua, ya chakula chenyewe, ni wastani wa 2.4 kila mwaka, na babu zetu waliishi nayo. Isitoshe mabomu mengi yalilipuliwa nusu ya kaskazini ya dunia na vumbi kubwa liliangukia huko. Waliolipa gharama ni waliokuwa karibu: Rongelap, Reggane, Semipalatinsk kule Kazakhstan ambako Warusi walilipua mara 456, wenyeji wa asili wa Australia. Kuwahurumia hao ni haki. Kuogopa pweza wa Msimbati kwa sababu yao si lazima. Mkitaka uhakika wa mizani, Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, ndiyo yenye kazi ya kupima mionzi kwenye vyakula. Mnunuzi wenu anayesafirisha nje anaijua vizuri.

Kilichowapunguza pweza kiko karibu zaidi. Baruti huvunja matumbawe, na pweza bila tundu hana nyumba. Joto la bahari la 1998 liliua matumbawe mengi upande wetu huu wa Bahari ya Hindi, na limerudi tena mara kadhaa. Na sisi wenyewe tunachukua wadogo. Habari njema ni kwamba pweza anakua upesi sana, umri wake ni kama mwaka mmoja, ndiyo maana vijiji vingine vya pwani vinafunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu hivi kisha vinafungua. Zungumzeni na BMU yenu, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni. Na kwa kuwa mko ndani ya Hifadhi ya Bahari, mwenye baruti mnaweza kumripoti huko bila kutaja jina lenu kwenye mkutano wa kijiji.

Sasa mdogo wako. Mimi ni mtu wa fizikia ya mionzi, si daktari, kwa hiyo nitaeleza utaratibu wa jambo, ugonjwa ataujua atakayemgusa shingo.

Tezi iliyo mbele ya koo inahitaji madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni. Bomu likilipuka hutoa iodini yenye mionzi, iodini-131. Tezi haiwezi kutofautisha, inazinyonya zote. Ndivyo walivyoumia watoto wa Rongelap. Lakini iodini-131 hupungua nusu kila siku nane. Baada ya miezi mitatu haifiki hata sehemu moja ya elfu. Jaribio la mwisho la hewani duniani lilikuwa 1980. Iodini ya mabomu yale ilikwisha kabla mwaka haujageuka, na wala haikuwa jirani yenu. Hawezi kuwa ameipata.

Sababu iliyo ya kawaida kabisa ya uvimbe wa mbele ya shingo ni kinyume chake: ukosefu wa madini joto. Watu hushangaa, sisi wa pwani tunakosaje? Chumvi tunayoikausha kwenye mashamba ya chumvi ya Mtwara na Lindi haibaki na iodini ya kutosha. Lazima itiwe, na nyingi inayouzwa kwa kopo sokoni haijatiwa. Ongeza muhogo mchungu ambao haukulowekwa ukatosha: sumu yake ikiingia mwilini hugeuka kitu kinachoizuia tezi isichukue hata ile iodini kidogo iliyopo. Wengi wenye uvimbe huo, rovu, hawana saratani. Ila huwezi kujua kwa macho, na ndiyo maana nasema hospitali.

Aanzie kituo cha afya apewe rufaa, au aende moja kwa moja hospitali ya mkoa ya Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mtwara. Watampima damu na kumwangalia kwa altrasaundi, na wakiona haja watachukua sampuli kwa sindano nyembamba. Asisubiri hata wiki kama uvimbe umekua haraka au ni mgumu kama jiwe, kama sauti imekwaruza haijarudi, kama chakula kinakwama au anakosa pumzi akilala, kama kuna vitezi vingine pembeni ya shingo, au kama ni mjamzito. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na kukonda huku anakula vizuri, nayo amweleze daktari. Asichanjwe shingo, na asinywe dawa ya iodini ya vidonda kwa kusikia kwamba iodini ni tiba. Tezi iliyovimba muda mrefu ikimiminiwa iodini nyingi ghafla inaweza kuharakisha moyo vibaya.

Wewe na watoto nunueni chumvi ya pakiti iliyoandikwa ina madini joto, iwekeni kwenye chombo chenye mfuniko mbali na moto, na itieni mboga ikikaribia kuiva. Na akienda hospitali abebe mfano wa chumvi anayotumia sasa na aseme anakula muhogo mara ngapi kwa wiki, kwa kuwa daktari mzuri atauliza.